Nipigie Mimi Kwanza

Ukiwauliza watu wa Nordby nani aliwafundisha kufunga kamba za viatu, nusu watakutajia Marlys Haugerud. Nusu nyingine watakutajia mama zao, kwa adabu tu, kwa sababu nao ni Marlys huyo huyo aliyewafundisha. Miaka ishirini na saba mwanamke huyu amelea watoto wa wenzake katika nyumba ya njano iliyo karibu na maghala ya mahindi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akikaa kitako mpaka kikombe chake cha kahawa kikaisha. Hukaa nusu nusu, jicho moja kwenye kikombe, jicho jingine kwa mtoto anayejaribu kutia shanga puani.

Kazi yenyewe hakuitafuta. Alikuwa karani wa benki, akajifungua mtoto wa pili, akaacha kazi. Jirani akamwomba amshikie mtoto wake wiki mbili tu. Mtoto yule leo ana ndevu na anaendesha lori la maziwa, na zile wiki mbili mpaka sasa hazijaisha.

Ni huyo mwenye ndevu aliyempa Marlys jina. Akiwa na miaka miwili alikabwa na kipande cha soseji kwenye meza ya jikoni. Hakukohoa wala kulia, alikodoa macho tu na midomo ikaanza kubadilika rangi. Marlys akamkumbatia kwa mkono kifuani, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, moja, mbili, tatu, na kipande kikaruka mpaka kwenye bakuli la paka. Paka akakila. Marlys akakaa chini robo saa nzima, kisha akaenda mjini, akasoma huduma ya kwanza ya watoto wachanga mpaka akapewa cheti, na akarudi na mwanasesere wa mpira mwenye kipara na shingo legelege. Akamwita Harald.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya pili ya Novemba, Harald hufa na kufufuka mara thelathini hivi katika chumba cha chini cha kanisa letu la Kilutheri. Akina mama wapya, akina baba na mabibi hukaa kwenye viti vya chuma, na Marlys husimama mbele na kidole juu.

"Mtoto akikabwa na bado anakohoa, mwache akohoe. Asipotoa sauti, usimtazame kama unatazama televisheni. Huyu mdogo wa chini ya mwaka unamlaza hivi, kichwa chini kuliko makalio, mkono wako umeshika taya. Mgongoni mara tano. Unamgeuza, vidole viwili katikati ya kifua, mara tano. Wewe Dale, hapo unamkanda au unampapasa?"

"Naogopa kumuumiza, Bi Marlys."

"Ni mpira huyo. Mpige."

Alikuwa mwalimu mzuri, hakuna ubishi. Kasoro yake ilikuwa moja, na ilikuja kila mara mwisho wa somo, wakati watu wanavaa makoti. Aliyaweka sawa yale yote ya kupiga namba ya dharura, tisa moja moja, bila kuchelewa. Halafu sauti ikalainika, akawasindikiza mlangoni, akasema, "Na kama una wasiwasi tu, jamani, usiwasumbue watu. Nipigie mimi kwanza. Nipo."

Ili uelewe ubaya wa maneno hayo matamu, lazima uwajue watu wa huku. Huku kwetu magharibi ya Minnesota, mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini si kusumbua. Orville Stensrud alianguka kutoka ngazi ya ghala akavunjika mguu, akajiendesha mwenyewe mpaka hospitali kwa mguu uliobaki, na njiani akasimama kwa jirani kurudisha drili aliyoazima. Alipoulizwa kwa nini hakuita ambulensi, alisema ilikuwa wakati wa chakula cha mchana.

Na hilo kwake lilikuwa jibu kamili. Ambulensi yetu haina watu wa kuajiriwa. Ina wanane wa kujitolea: mkulima, mwalimu, msusi, na wengine kama hao, kila mmoja na redio yake kiunoni. Ukiita ambulensi, umemwondoa Gretchen msusi kwenye kichwa cha mtu chenye dawa. Umemtoa Verlyn Haugerud, mume wa Marlys, juu ya trekta. Sasa nani ana uso wa kufanya hivyo kwa sababu ya mtoto mwenye homa? Ni nafuu kumpigia Marlys. Na watu walimpigia. Alipigiwa kwa vipele, kwa kuharisha, kwa mtoto aliyemeza kifungo, kwa mtoto aliyeanguka kitandani akapata nundu. Mara nyingi alituliza watu na mara nyingi alikuwa sahihi. Mara mbili tatu aliwapakia kwenye gari lake mwenyewe akawapeleka hospitali, kilomita arobaini, wakizungumzia hali ya hewa.

Namba ile aliyoifundisha kila mwaka, yeye mwenyewe hakuwahi kuipiga hata siku moja. Na tuseme ukweli, alijivunia hilo. Simu ikilia wakati wa chakula cha jioni, Verlyn alikuwa anamtazama mkewe anavyonyooka mgongo kabla hajaipokea, kama mtu anayeitwa jukwaani.

Basi ilikuwa Februari, siku ya Ijumaa, akapigiwa na Brita Lindahl wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Brita alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, Otis, wa miezi mitano, na mume anayekwenda na lori wiki nzima. Utotoni Brita mwenyewe alilelewa kwa Marlys, na Novemba iliyopita, akiwa na Otis wa miezi miwili mgongoni, alimfufua Harald vizuri kuliko wote.

"Samahani kukusumbua, Bi Marlys. Otis ana mafua siku ya tatu leo. Anakohoa na maziwa hayamalizi."

"Anacheka?"

"Anacheka kidogo."

"Basi mtie matone ya maji ya chumvi puani, umvute kamasi kabla ya kumnyonyesha. Mpe kidogo kidogo. Mshike wima. Na hesabu nepi zinazolowa."

"Sawa. Na nikiona kitu kingine?"

Hapo ndipo. Angeweza kusema tisa moja moja. Lakini alikuwa na unga mikononi na moyo mweupe, na kesho yake ilikuwa siku kubwa. "Nipigie mimi kwanza, mwanangu," akasema. "Kesho si unajua wana chapati zao. Tusiwaharibie."

Chapati zenyewe ni za kila Februari. Wale wanane wa ambulensi huvaa aproni na kukaangia mji mzima chapati nene za mayai kwenye ukumbi wa zimamoto, watu wanakula na kuchangia vifaa vya gari lao. Mji mzima huwa pale kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita. Marlys peke yake hazili, kwa sababu kila mwaka hubaki nyumbani na watoto wa wakaangaji. Kila mwaka wanamwambia pole, na kila mwaka anasema si kitu, kwa sauti ya mtu ambaye angependa waulize mara ya pili.

Jumamosi hiyo alikuwa na watoto watatu mezani, wanachora. Nje baridi ilikuwa ya kuchoma pua. Saa nne na dakika chache mlango ukagongwa, ngo ngo, kwa upole kabisa. Akafungua, akamkuta Brita, na Otis kifuani ndani ya nguo nzito ya theluji iliyofungwa mpaka kidevuni, na mkono wa pili umeshika sinia la keki za shayiri.

"Samahani kukusumbua," Brita akasema.

"Ingia, ingia. Baridi leo."

"Baridi kweli. Lakini upepo hakuna."

"Afadhali hakuna upepo."

Brita akavua buti moja, akavua la pili, akayapanga ukutani. Akatoa sinia. Marlys akasema hakuwa na haja ya kuleta kitu, Brita akasema si kitu, ni mabaki tu, Marlys akasema yanaonekana matamu, akayaweka mezani, akatafuta kisu. Akauliza kama atakunywa kahawa. Brita akasema hapana, asante. Marlys akamuuliza tena, maana huku hapana ya kwanza haihesabiwi. Brita akasema labda nusu kikombe, kama imeshachemshwa. Nakuapia walifanya hayo yote. Wanawake wawili wenye akili timamu, waliosomea jambo lile lile katika chumba kimoja, walisimama wakibembelezana juu ya nusu kikombe cha kahawa, na mtoto yuko pale katikati yao.

Kahawa ikiwa inamiminwa ndipo Marlys akasikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya mguno, mwisho wa kila pumzi. Ngh. Ngh. Ngh. Alidhani ni paka. Akageuka.

"Huyo ni Otis?"

"Ndivyo anavyofanya tangu alfajiri," Brita akasema. Akameza mate. "Halii, Bi Marlys. Nilifikiri afadhali halii."

Marlys akaweka birika chini. Akamchukua mtoto, akafungua ile nguo ya theluji kwa mkono mmoja, akapandisha fulana. Mambo yote aliyokuwa akiyaonyesha kwa Harald, ambaye kifua chake cha mpira hakijawahi kufanya chochote, yalikuwa pale kwenye ngozi ya mtoto. Chini ya mbavu nyama ilikuwa inavutwa ndani kila anapopumua, ikaacha shimo. Juu ya kifua, pale koo linapoanzia, shimo jingine. Pua zilitanuka. Kichwa kilikuwa kinaitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa kila pumzi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nepi ya mwisho kulowa ni lini?"

"Jana usiku. Saa mbili."

"Na ulingoja nini, mwanangu?"

"Nilikuwa namvalisha," Brita akasema. "Halafu nikakumbuka siwezi kuja mikono mitupu."

Marlys akatazama saa ya ukutani akaanza kuhesabu pumzi. Nusu dakika alikuwa ameshapita thelathini na tano, na kidole chake bado kinahesabu. Alijua. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hulisema wazi: alijua, na bado mkono haukwenda kwenye simu. Alimwona Verlyn na mwiko wake. Aliwaona watu mia mbili wamekaa na sahani mapajani, na king'ora kinaanza kulia mle mle ukumbini. Aliona gari lake mwenyewe pale nje, tangi limejaa, kilomita arobaini tu. Na aliona, jambo la aibu, ile miaka ishirini na saba isiyo na simu hata moja.

"Labda tuwangoje wamalize," Brita akanong'ona. "Si saa sita wanafunga?"

Basi Otis akaacha kupumua.

Hakufanya fujo. Mguno ulikatika tu, na jikoni kukawa kimya, na mmoja wa wale watoto mezani akauliza nani kachukua rangi ya bluu. Marlys akahesabu moja, mbili, tatu, akafika nane, akampiga kidogo unyayoni kwa kidole, akausugua mgongo wake. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Otis akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, mguno ukarudi.

Marlys akainyakua simu, akaipiga ile namba kwa dole gumba, akawasha spika, akaiweka mezani katikati ya rangi na karatasi. Na mwenzangu, unajua neno lake la kwanza kwa yule mpokea simu lilikuwa nini?

"Samahani kukusumbua."

"Dharura yako ni nini, mama?"

"Nina mtoto hapa wa miezi mitano. Sijui kama mna nafasi."

"Mama, mtoto ana nini?"

Hapo ndipo yule mwalimu wa Novemba alipoamka. "Anapumua zaidi ya mara sabini kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, anaguna, midomo ya kijivu, na amesimamisha pumzi sekunde kumi na tatu. Nordby, nyumba ya njano karibu na maghala. Njooni sasa hivi."

Wito ukawakuta ukumbini. King'ora kililia, wakasema waliokuwepo, na kwa nukta moja uma mia mbili zilisimama hewani. Kisha wale wanane wakaacha sufuria zao motoni wakakimbia. Marlys aliwasikia kutoka jikoni, sauti ikipanda barabara, na Otis akasimamisha pumzi tena. Safari hii kumsugua hakukusaidia. Akamlaza mezani juu ya michoro, kichwa sawasawa, asikiinamishe wala kukipinda, akafunika pua na mdomo wake kwa mdomo wake mwenyewe, akapuliza pumzi ya mashavu tu. Kifua kikapanda. Akapuliza tena. Otis akakohoa usoni mwake.

Dakika nne tangu simu, mlango ukafunguliwa na wanne wa kwanza, wenye aproni. Gretchen alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Verlyn alikuwa bado ameshika mwiko, hajui. Wakamwekea Otis kinyago kidogo cha oksijeni, na rangi ikaanza kurudi midomoni, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Watoto watatu mezani wakawapungia mikono wazazi wao.

"Mmekuja haraka," Marlys akasema, maana lazima mtu aseme kitu.

"Tulikuwa tumekaa tu," Verlyn akasema.

Wakaondoka na Brita na Otis. Ukumbini chapati mia moja hivi zilikuwa zimeungua. Watu walizila. Orville Stensrud, alipoulizwa, alisema ladha ilikuwa tofauti kidogo, na kwa watu wa huku hilo ni tusi zito, lakini alikula sita.

Otis alipelekwa mpaka hospitali kubwa mjini, akalazwa siku sita na mipira ya hewa puani. Virusi vilikuwa vimeziba njia ndogo kabisa za mapafu yake. Siku ya tatu Brita akampigia Marlys kumwambia ameanza kunyonya, na kwa furaha akaanza kusimulia kila kitu, hata mambo ya kuchekesha.

"Daktari akaniuliza kwa nini sikuita ambulensi alfajiri. Nikamwambia sikutaka kusumbua. Akanitazama, Bi Marlys, kama nimemwambia sikutaka kulowesha nywele."

"Akasema nini?"

"Akasema ningechelewa nusu saa zaidi, asingejua aniambie nini."

Marlys akauliza, "Hayo maneno ya kutosumbua uliyatoa wapi, mwanangu?"

"Kwako," Brita akasema, bila ubaya wowote, kama unavyomwambia mtu amekupa pilipili kidogo kwenye mchuzi.

Jioni hiyo Marlys alikaa mezani kwake kwenye kiti chote, mgongo umeegemea, kahawa ikapoa. Verlyn alikuwa anakula. Ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni "mm".

"Mzee," akasema Marlys. "Yule mtoto karibu nimuue mimi."

"Mm."

"Si kwa makusudi."

"Mm." Verlyn akakata kipande cha nyama, akakitafuna mpaka mwisho. "Kila Jumatatu ya pili tunafanya mazoezi. Tuna vinyago vya watoto vya ukubwa wa aina tatu. Mwaka jana mzima tuliitwa kwa mtoto mara moja."

"Mara moja?"

"Wengine wanakupigia wewe." Akanywa maji. "Gretchen alisema labda hawatuamini. Nikamwambia hapana, wanampenda mke wangu. Akasema kwetu sisi ni yale yale."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumpa. Iliingia mpaka ndani. Marlys alisikia aibu, aibu ya kweli, ya kupasha masikio moto, na akakasirika pia, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema. Wangemwambiaje? Wangemsumbua.

Novemba ilipofika, viti vya chumba cha chini cha kanisa vilijaa kuliko kawaida. Watu walidhani watasimuliwa habari za Otis. Marlys hakumtoa Harald kwenye begi. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Kuanzia leo msinipigie," akasema.

Watu wakatazamana.

"Kwa kipele nipigieni. Kwa mtoto asiyelala nipigieni, tutakosa usingizi pamoja. Lakini kama anahangaika kupumua, kama amebadilika rangi, kama amelegea haamki vizuri, kama amepigwa na degedege, kama ni mchanga wa chini ya miezi mitatu na ana homa, usiniite mimi. Mimi ni mwanamke mwenye simu na birika la kahawa. Kule wana oksijeni." Akajikaza kisabuni. "Nimewafundisha vibaya miaka mingi. Leo tunajifunza kupiga simu."

Akaweka simu ya mchezo ya plastiki mezani, akamwita Orville Stensrud, aliyekuja na mjukuu wake wa miezi minne.

"Mjukuu wako hapumui vizuri. Piga."

Orville akaishika ile simu ya rangi ya waridi sikioni. "Samahani kuwa..."

"Hapana. Tena."

"Habari za leo. Kama hamna kazi nyingi..."

"Tena."

"Sijui kama ni jambo kubwa, lakini..."

"Orville, mtoto ameshakuwa wa bluu. Tena."

Mara ya saba yule mzee wa miaka sabini na moja, aliyejiendesha hospitali na mguu uliovunjika, akafumba macho na kusema, "Mtoto hapumui vizuri, njooni." Kisha akatoa kitambaa akafuta shingo, kama aliyefanyishwa jambo la utovu wa adabu mbele ya mchungaji. Walikaa mpaka giza linaingia. Wote wakapita, mmoja mmoja. Gretchen msusi alisimama nyuma karibu na sahani za biskuti, na alikuwa anatabasamu.

Mlangoni, watu wakivaa makoti, Marlys alifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga.

Ikaja Februari nyingine. Jumapili moja, wamerudi kanisani, wamekaa kula, redio ya Verlyn ikakoroma kiunoni. Sauti ikasema: Nordby, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi mitano, degedege, na ikataja anwani ambayo Marlys angeweza kuisoma akiwa amelala. Verlyn alikuwa mlangoni kabla uma wake haujagusa sahani.

Marlys aliitazama simu yake. Ilikuwa mezani, kimya. Akavaa koti juu ya aproni, akatembea zile nyumba mbili katikati, haraka, kisha akajizuia asikimbie kwenye barafu.

Alipofika, ambulensi ilikuwa pale na mlango wa Brita umeachwa wazi. Sebuleni walikuwa watu watano wamepiga magoti kwenye zulia. Otis alikuwa amelazwa kwa ubavu, amevuliwa nguo nzito, degedege limekwisha, uso mwekundu kwa homa. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, kilio kizuri, cha hasira. Brita alikuwa anamweleza Gretchen kwa sauti iliyonyooka: limeanza saa sita na dakika kumi na nane, limechukua dakika mbili na nusu, sikumtia kitu mdomoni, nilimgeuza upande nikapiga simu.

Hakukuwa na nafasi ya Marlys kwenye zulia lile. Hakuna aliyesogea. Gretchen alimpita na machela bila kumwona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimama kwenye nyumba yenye mtoto mgonjwa akiwa hana la kufanya na mikono yake, akaitia mifukoni, akaitoa, akaitia tena.

Brita alimwona walipokuwa wanatoka naye. Akasimama mbele yake, Otis akipiga kelele kwenye machela, na macho yakamjaa machozi, ya hofu iliyochelewa kufika.

"Bi Marlys," akasema. "Sikukupigia."

Marlys alisikia neno hilo linamchoma, pale pale alipokuwa amejiandaa lisimchome. Akamshika Brita shavu.

"Nimeona, mwanangu," akasema. "Nenda, wanakungoja."